Mbwa wa Kilo 70 Huvalishwa na Fundi

Siku niliyompima Jabali uzito kwa mara ya kwanza, nilimpima kwenye mizani ya magunia. Pale kliniki mizani ilikuwa ya mezani, ya paka na vijibwa, na daktari wa mifugo akawa anamkadiria kwa macho tu: "Huyu hapungui hamsini na tano." Mama mmoja muuza nafaka katika soko la Kilombero, hapa Arusha, akanikubalia nimlete saa kumi na mbili asubuhi, kabla vijana wa kubeba mizigo hawajafika. Nikaweka kipande cha ini katikati ya bamba, Jabali akapanda mguu mmoja mmoja, mshale ukayumba, ukatulia kwenye 71. Nikabaki pale nahesabu. Dawa zote za minyoo na za kupe alizopewa mwaka mzima zilikuwa za mbwa wa kilo 55. Kilo 16 za mwili wake zilikuwa zimesahauliwa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza amnunulie nini mbwa wake mkubwa, humjibu: kwanza mpime. Dawa nyingi za kupe, za kumeza na za kudondoshea mgongoni, zimefungashwa kuishia mbwa wa kilo 50 au 60. Akizidi hapo daktari huunganisha vipimo viwili, na hawezi kuviunganisha sawasawa bila namba ya kweli. Upana wa mkanda wa shingo, unene wa godoro, ukubwa wa chombo cha maji, vyote vinatoka kwenye namba hiyohiyo. Tafuta mizani ya magunia, ya mkaa, ya vyuma chakavu, yoyote ambayo mbwa anaweza kusimama juu yake, na urudie kila baada ya miezi mitatu.

Ninapotaja mbwa mkubwa nina maana ya boerboel kutoka Afrika Kusini kama Jabali, Great Dane, mastifu na wenzao, wale wanaovuka kilo 50. German Shepherd wa kilo 35 hana shida, duka lolote la vifaa vya mifugo litamtosheleza. Lakini kwenye maduka ya kwetu, lebo inayosema "kubwa sana" mara nyingi inamlenga mbwa wa kilo 40, na Jabali alifika huko kabla hajamaliza mwaka. Tangu hapo nimekuwa nikitegemea watu watatu: fundi viatu, fundi wa kuchomelea vyuma na fundi makochi. Kazi yao wanaijua vizuri. Wasichokijua ni mbwa, na hilo ni jukumu lako wewe unayeagiza.

Tuanze na shingo. Mkanda wa kwanza wa Jabali niliununua dukani, mweusi, wenye vijiwe vya kung'aa na bizimu ya rangi ya fedha. Tulikuwa tunatembea kando ya barabara, mbuzi akakatiza mbele yetu. Jabali hakupata hata nafasi ya kukimbia. Aliruka mara moja tu. Nikasikia "tap!", mkanda ukabaki umening'inia mkononi mwangu, mbwa yuko ng'ambo, na daladala ikapita katikati yetu. Mbuzi alipona, Jabali alipona. Mimi magoti yalinitetemeka mpaka nyumbani. Nilipoitazama ile bizimu chini ya taa, pale ilipokatikia palikuwa pa kijivu, pana chengachenga kama sukari. Yalikuwa madini dhaifu yaliyomiminwa kwenye kalibu, yakapakwa rangi ya chuma. Bizimu ya namna hiyo haipindi kwanza ikakuonya. Inakatika.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi viatu, jambo la kwanza ni chuma, ngozi baadaye. Mwombe bizimu ya chuma halisi au shaba, ile nzito inayotumika kwenye mikanda ya mizigo. Pete ya kufungia kamba iwe imechomelewa: ishike uielekeze kwenye mwanga, uizungushe yote, ukiona ufa mahali ncha mbili zinapokutana, irudishe, maana mbwa akivuta kwa nguvu pete hiyo itafunguka kama pete ya funguo. Kisha ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 4 hivi na upana wa sentimita 5. Upana huo hauwekwi kwa ajili ya madoido. Mkanda mwembamba shingoni mwa mbwa wa kilo 70 unageuka kamba ya kunyongea, kwa sababu nguvu yote inaishia kwenye koo mahali padogo. Mshono uwe wa mistari miwili kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na karibu na pete aongeze ribiti mbili. Mkanda ukishavaliwa, vidole vyako viwili vipite chini yake bila kulazimisha.

Mtoto wa mbwa usimshonee ngozi. Anaongezeka kilo moja na zaidi kila wiki katika miezi ya mwanzo, na nimeshaona mbwa ambaye mkanda wa utotoni ulimzamia kwenye nyama ya shingo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuulegeza. Kwa umri huo tumia mkanda wa kiti cha gari, unaopatikana kwa wauza vipuri chakavu. Ulitengenezwa kumzuia mtu mzima gari linapogonga, kwa hiyo nguvu zake huna haja ya kuzijaribu. Ni laini, unafulika, na fundi anaweza kuuwekea kifungio cha kusogeza. Kila Jumapili upitishe vidole vyako viwili. Mkanda huohuo unafaa sana kwa kamba ya kumwongozea, urefu wa mita moja na nusu, mwisho wake umekunjwa na kushonwa kuwa mpini. Shika mpini, usijizungushie kamba kiganjani. Mbwa huyu akishtuka, kamba iliyozungushwa inavunja vidole. Na zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kikasha cha plastiki waachie wenye mbwa wadogo.

Kuhusu mkanda wa kifua, watu wengi wanaufunga kamba mgongoni halafu wanashangaa mbwa anawaburuta. Ukifunga mgongoni umemfanya maksai; kifua kizima kinasukuma kama kimevalishwa nira. Mwambie fundi aweke pete mbele, katikati ya kifua. Mbwa akivuta, kamba inamgeuza akuelekee wewe, na hata mwanamke wa kilo 55 kama mke wangu anammudu.

Mnyororo sina maneno mengi juu yake. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na hata isingekuwepo, mbwa wa kilo 70 aliyefungwa mti mmoja kutwa nzima anajenga hasira na vidonda, basi. Fedha za mnyororo ziweke kwenye komeo la geti. Mbwa mkubwa haruki ukuta kwa urahisi, ila anaegemea geti, na komeo jembamba lililoshikiliwa na skrubu mbili linang'oka taratibu bila wewe kujua, mpaka siku mgeni anapita.

Chakula sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Chombo cha chakula cha Jabali ni karai la mafundi ujenzi. Ni zito, halipinduki, halitafuniki, na likichoka nanunua jingine. Bakuli la chuma kisichoshika kutu ni zuri zaidi kwa usafi, ukilipata la lita 4 au 5. Plastiki inachanika kwa meno, na kwenye mikwaruzo ndipo uchafu unapojificha. Ndani ya karai naweka jiwe moja laini la mtoni, kubwa kuliko mdomo wake, chakula kikalizunguka. Analazimika kula polepole, akilamba pembeni na kulisogeza jiwe. Hilo lina sababu. Mbwa wenye kifua kirefu na kizito wana hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota. Likishajisokota, damu haipiti, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Dalili ni tumbo kuvimba na kuwa gumu kama ngoma, kujaribu kutapika bila kutoa kitu, mate kumtiririka, kutotulia mahali pamoja. Ukiona hivyo usingoje kupambazuke, wala usimpe dawa ya kienyeji. Tumbo hilo linafunguliwa kwa upasuaji.

Kuna watu watakushauri ununue kibao cha kuinulia bakuli ili mbwa mrefu asiiname, tena watakuambia kinazuia tumbo kujisokota. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia mbwa wakubwa, na wakakuta kinyume chake: waliolishwa kwenye bakuli lililoinuliwa walipata ugonjwa huo zaidi. Mimi karai langu liko chini, sakafuni. Mbwa mzee mwenye shingo inayouma ni jambo jingine, hilo zungumza na daktari wake. Gawa chakula mara mbili kwa siku, mtoto mara tatu au nne, na asikimbie wala kucheza kwa saa moja hivi baada ya kula.

Chakula cha punje kinachouzwa kwa mfuko, mbwa wa kilo 70 mwenye shughuli za kawaida atakula kama gramu 700 hadi 800 za punje kwa siku. Mfuko wa kilo 20 haufiki mwezi. Wengi wetu tunachanganya: ugali wa dona, dagaa, utumbo uliochemshwa, mboga. Sina ubaya na ugali. Ubaya ninao na ile tabia ya kununua mahindi yaliyoingiwa na ukungu kwa bei ya kutupa, eti "haya ni ya mbwa." Ukungu ule unaleta sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 watu wakafa hapa kwetu Dodoma na Manyara. Ini la mbwa halina ustahimilivu zaidi ya letu. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumu hiyo, na kuichemsha hakuiondoi. Hindi ambalo usingempa mtoto wako, mbwa naye usimpe. Kwa hiyo kifaa cha maana kuliko bakuli ni pipa: pipa la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kukaza, lililowekwa juu ya mbao, lisigusane na saruji inayovuta unyevu. Mfuko wa punje uingize mzima ndani ya pipa na uufunge; usimwage punje mpya juu ya chengachenga za mwezi uliopita.

Kwa mtoto wa mbwa mkubwa nunua chakula kilichoandikwa ni cha watoto wa mbwa wakubwa, kisha usimwongezee unga wa mifupa wala DCP, ile chokaa ya madini wanayopewa ng'ombe. Watu wanadhani mwili mkubwa unataka chokaa nyingi. Chokaa ikizidi inaharibu mifupa inayokua, na miguu inapinda. Mifupa ya watoto hawa huendelea kukua mpaka mwaka mmoja na nusu, wengine miwili, kwa hiyo usiwaharakishe. Mtoto mwembamba kidogo, ambaye mbavu zake unazipapasa bila kuzitafuta, ndiye atakayetembea vizuri uzeeni.

Maji: hesabu mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo. Jabali ni lita 4, na siku za joto zaidi ya hapo. Bakuli la maji la dukani analimaliza kwa mara moja. Ndoo ya lita 10 iliyowekwa ndani ya ringi ya tairi haianguki. Ibadilishe maji kila siku, uisugue, la sivyo unafuga mbu.

Wasomaji wa pwani watanielewa nikisema vyombo hivi visipite jikoni kabisa. Kwa jirani aliye Muislamu wa madhehebu ya Shafii, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa mkubwa hana haja ya kuruka ili kulamba sufuria. Zeus, Great Dane wa jimbo la Michigan aliyeandikwa na Guinness kuwa mbwa mrefu kuliko wote duniani, alikuwa na sentimita 111.8 kutoka chini hadi begani. Pima meza yako ya jikoni. Mbwa awe na karai lake, mwiko wake, sponji lake na bomba lake la nje. Nyumba yenye mgeni au dada wa kazi asiyependa kugusa vitu vya mbwa inakuwa na amani.

Kitanda ndicho watu wanachokiacha mwisho, nami nakiweka juu sana. Mtazame mbwa mkubwa anavyolala: hashuki taratibu, anajibwaga, na kiwiko ndicho kinachotangulia kugonga saruji. Baada ya miezi kadhaa kiwiko kinaota sugu, nyeusi, isiyo na nywele. Sugu ikipasuka inakuwa kidonda, na kidonda cha kiwikoni hakiponi upesi kwa sababu kila akilala anakigonga tena. Jabali alikuwa na sugu mbili kama nyayo za viatu. Gunia halisaidii, linajikunja, na ndani yake viroboto wanazaliana.

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea fremu ya paipu ya inchi moja, sentimita 120 kwa 90, kimo sentimita 20. Mapaipu yawe ya mviringo, na ncha zake azizibe, maana zilizo wazi zinakaa nyigu. Juu yake tukafunga turubai la lori, lenye macho ya shaba pembeni, kwa kamba iliyopitishwa na kukazwa kama kitanda cha kamba cha Kiswahili. Turubai likilegea unakaza upya, bila kushona. Dar es Salaam au Mombasa hicho kinatosha chenyewe, hewa inapita chini, mbwa anapoa. Arusha mwezi wa saba baridi inapenya kutoka chini, kwa hiyo fundi makochi akashona godoro la kuweka juu. Hapa usidanganyike na urefu. Godoro laini la inchi 6 likikaliwa na kilo 70 linabonyea mpaka chini. Gumu la inchi 4 linambeba. Bonyeza kwa goti lako uzito wote: ukihisi ubao, hilo si lake. Foronya iwe ya reksini upande wa chini, kitambaa kigumu juu, zipu ndefu ili uifue kila wiki mbili. Sugu za Jabali zilianza kulainika baada ya miezi michache, na nywele zimerudi kiwiko cha kushoto.

Ukiwa unamruhusu ndani, tazama vigae vyako. Mbwa mzito akiteleza kwenye vigae anaweza kukata kano ya goti. Tandika zulia la mpira kwenye njia anazopita kila siku, hasa pale anapogeuka kwa kasi mtu akigonga mlango.

Mambo madogo nayataja upesi. Kifunga mdomo kiwe cha kikapu, chenye nafasi ya kuachama na kutoa ulimi, kwani mbwa hupoa kwa kuhema. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo ni cha dakika chache tu mbele ya daktari. Brashi ya mpira inatosha kwa nywele fupi. Kucha zake ni nene, mkasi wa paka utavunjika, tafuta mkasi wa kucha wa mbwa wakubwa na ukate kidogo kidogo. Ukisikia kucha zinagonga sakafu anapotembea, umechelewa. Mpira wa tenisi usimpe hata kwa dakika moja, unapita nyuma ya meno na kuziba koo. Mpe mpira wa miguu. Tairi kuukuu lina nyaya ndani, na mfupa uliopikwa unavunjika vipande vyenye ncha.

Limebaki moja, ambalo sijaliona likiuzwa dukani. Siku moja mbwa huyu atashindwa kusimama. Itakuwa tumbo, nyoka, gari, au uzee tu. Kilo 71 zilizolegea hazibebeki na watu wawili kwa mikono, nimejaribu na mdogo wangu, tukamwangusha. Kwa hiyo nilirudi kwa fundi makochi na kipande cha turubai la lori, mita moja na nusu kwa mita moja, akanishonea vishikio sita vya mkanda wa kiti cha gari, vitatu kila upande, akavipitisha chini ya turubai lote ili uzito usikae kwenye mshono. Jabali anakijua. Mara mojamoja nakitandaza uani, anakilalia, tunamnyanyua watu wanne, tunamshusha, anapewa ini.

Na turubai bila gari halikufikishi popote. Bodaboda hawezi, bajaji hawezi, na dereva wa teksi usiku wa manane akimwona mbwa kama ndama atawasha gari aondoke. Nina namba ya kijana mwenye kirikuu, ile pikapu ndogo, mtaa wa pili. Nilimkaribisha mchana, tukanywa chai, akamzoea mbwa na mbwa akamzoea yeye. Nilichonga ubao wa kupandia, mita mbili, uliopigiliwa vipande vya mpira ili asiteleze, kwa sababu kuruka kutoka nyuma ya pikapu kunaumiza mabega. Kila mwezi wa chanjo ni yeye anayetupeleka. Anasimamisha kirikuu getini, anashuka, anaufungua mlango wa nyuma na kuuegemeza ubao mwenyewe, halafu anaita: "Mzee, panda." Jabali anapanda.